Mlango Uliopimwa kwa Watu Wafupi

Mtakapoanza kuzunguka vijijini na mtungi wa mbegu za fahali nyuma ya pikipiki, mtadhani wakulima watawauliza kama ng'ombe atashika mimba. Watauliza, ndiyo, lakini swali lenyewe huja baadaye, ukiwa unanawa mikono: "Daktari, atatoka aje?" Mkulima anataka kujua ndama atafanana na nani. Nimepandisha ng'ombe kwa mrija tangu nikiwa na nywele, kutoka Nyeri mjini hadi Mukurweini, nikavuka hadi Kerugoya, na swali hilo limenifuata kila boma. Wananiita daktari hadi leo ingawa sikuwahi kuwa daktari. Nanyi watawaita hivyo. Msibishane nao sana, mtachoka bure.

Kwanza kata kucha. Vua saa, vua pete. Mwenzetu mmoja glavu ilimpasukia, pete yake ya ndoa ikabaki ndani ya ng'ombe wa mke wa mchungaji, na mpaka leo hakuna aliyefaulu kumfanya mkewe aamini maelezo hayo. Ng'ombe aliyeonekana asubuhi akisimama tuli huku wenzake wakimpanda, mhudumie jioni. Aliyeonekana jioni, mhudumie asubuhi. Mrija ukitoka kwenye baridi, uyeyushe kwa maji ya vuguvugu, usiutie kwapani kama wavivu ninaowajua. Mwenye ng'ombe akikwambia "ako tayari tangu juzi," jua umechelewa, mwambie hivyo, na usichukue mbegu ya watu kuimwaga kwa aibu ya kukataa.

Hayo nilifundishwa na mzee Gichuki, aliyekuwa dereva na mpandishaji siku ambazo gari la serikali lilipita barabarani kila asubuhi, na wakulima wakilingoja na ng'ombe wao kwenye krashi, ile njia nyembamba ya miti ya kumbana mnyama asigeuke. Kufika miaka ya tisini gari lile lilianza kupotea. Leo petroli hakuna, kesho gurudumu. Mwishowe tukanunua pikipiki, kila mtu na yake, tukaanza kufuata ng'ombe hadi nyumbani kwao. Ukimfuata ng'ombe nyumbani unakutana na mambo ya nyumbani. Gichuki alinionya juu ya hilo, nami nilidhani anazungumzia mbwa.

Gichuki alikuwa amegawa mambo ya ng'ombe mafungu mawili. Kulikuwa na mambo ya ndiyo ama hapana. Pembe, kwa mfano. Ng'ombe anazaliwa wa kuota pembe au wa kutoota, na unaweza kukaa chini ukapiga hesabu ya baba na mama ukakaribia jibu. Rangi nyeusi au nyekundu kwa hawa ng'ombe wa mabaka, vivyo hivyo. Halafu kulikuwa na yale aliyoyaita mambo ya kidogo kidogo: maziwa, urefu, uzito, upana wa kifua.

"Hakuna mbegu ya maziwa," aliniambia tukiwa tumeegemea lile gari. "Iko vitu mingi ndogo ndogo. Hii inaongeza kikombe, ile inapunguza nusu kikombe, na ingine inangoja chakula ndio iamke. Nusu imetoka kwa baba, nusu kwa mama, na hakuna mtu anachagua gani itoke."

Vitabuni mtaviita jeni. Gichuki aliviita vitu vidogo, na sijaona kosa lake. Aliniambia pia nipange ng'ombe wote wa lokesheni kichwani mwangu kwa urefu, kutoka mfupi hadi mrefu. Wenye pembe na wasio na pembe wanajitenga makundi mawili. Urefu haujitengi. Unapata mstari unaopanda polepole, huoni mahali ufupi unapoishia na urefu unapoanza, na wengi wamejazana pale katikati. Wachache wako mwisho huku, wachache mwisho kule, na hao wachache wanaweza kuwa na wazazi waliotoka pale pale katikati.

"Kwa hivyo ahidi mimba," alimaliza. "Na hata hiyo usiape. Ndama usiahidi kabisa."

Kuna mwalimu mmoja wa mtaa wa Skuta aliyefuga ng'ombe mmoja nyuma ya nyumba, kiwanja kidogo hata mnyama akigeuka mkia unaingia dirishani. Mpandishaji fulani, si mimi, alimwonyesha picha ya fahali mwenye binti zake wa kumwaga maziwa, akamwahidi mtamba wa ajabu. Mtamba alipozaliwa mwalimu akamwita Debe, kwa sababu ndicho kipimo alichokuwa akikingojea. Debe alikua, akazaa, akatoa maziwa ya chai na ya paka. Jirani walikuwa wakipita wakiuliza kwa upole sana, "Mwalimu, Debe imejaa?" Mama yake Debe alikuwa mzuri, baba mzuri, na yeye akabahatika kuokota yale madogo ya upande wa kupunguza. Mwalimu hakunisalimia kwa muda mrefu, ingawa nimesema haikuwa mimi.

Hapo nilicheka. Sasa niwaambie mahali sikucheka.

Kule Gakindu, upande wa mashamba ya kahawa, kulikuwa na mkulima aliyeitwa Wachira. Mtu mfupi, maji ya kunde, mwenye mikono ya kazi na boma lililofagiwa. Mkewe alitoka Kerugoya, naye mfupi, wa rangi ile ile. Nilimhudumia ng'ombe wao Kwini tangu zile siku za gari. Mara ya kwanza alipata mtamba mzuri, Pendo, na Wachira akampenda hata akaniomba fahali yule yule tena. Nikatafuta mrija wa fahali yule, nikampa, akazaliwa Baraka. Pendo na Baraka, mama mmoja, baba mmoja, zizi moja, majani ya nepia kutoka shamba moja. Pendo alikuwa mkubwa wa kifua kipana na alijaza ndoo. Baraka alikuwa kama mbuzi aliyenenepa. Wachira aliwapenda wote wawili.

Binti yake wa kwanza aliitwa Wangechi. Mimi ni Mmeru, Kikuyu changu ni cha kuvunjavunja, na ndiyo maana pale tulikuwa tukizungumza Kiswahili, kila mmoja akiburuta chake. Lakini desturi yao ya majina niliielewa vizuri. Msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Na si jina tu. Mtoto yule ndiye yule bibi amerudi akiwa mdogo, na baba yake humwita "maitu," yaani mama yangu. Nilimsikia Wachira akimwita hivyo tangu akitambaa. "Maitu, lete maji daktari anawe." Naye bibi mwenyewe, cucu Wangechi, aliyekuwa hai na mwenye meno, alikuwa akicheka akiitikia kutoka jikoni, wakaitikia wawili.

Cucu alikuwa mfupi kuliko wote, na mweupe wa ngozi kiasi cha kuitwa hivyo na watu. Wangechi mdogo akakua. Akakua tena. Alipoingia kidato cha pili alikuwa amempita baba yake kwa kichwa kizima, na alikuwa mweusi wa kung'aa. Mlango wa jikoni Wachira aliujenga mwenyewe alipooa, akaupima kwa mkewe na mama yake. Msichana alikuwa akiuingia ameinama kama anayetafuta sindano.

Siku ninayowaambia nilikuja kumpandisha Pendo. Nilifika nikasalimu kama kawaida: "Habari ya asubuhi, Baba Wangechi."

"Usiniite hivyo," akasema.

Nilidhani anatania. Nikamtazama, nikaona hatanii. Msichana akatoka jikoni na beseni la maji ya moto na sabuni, akainama mlangoni, akaliweka karibu na krashi. Wachira hakumtazama. "Wewe msichana, weka hapo uende," alimwambia. Hakuna maitu. Nilivaa glavu nikafanya kazi yangu kimya, na niwaambie, mkono wako ukiwa ndani ya ng'ombe huwezi kujifanya unaondoka.

"Daktari," akaanza, ameshika mkia wa Pendo. "Niko na swali, na sio ya ng'ombe. Bwana mfupi na bibi mfupi, wanaweza zaa mrefu? Mweusi? Si wewe ndio unajua mambo ya mbegu."

Nikasema polepole, "Kwa nini unauliza?"

"Watu wanaongea. Iko karani hapo factory ya kahawa, mrefu, mweusi. Ati hata vile anatembea ni kama huyu msichana." Akaukaza mkia wa Pendo. "Jumamosi wazee wa pande mbili wanakuja hapa. Mama yake atarudi Kerugoya, na msichana ataenda na yeye. Jina ya mama yangu haiwezi kukaa kwa mtu wa nje."

Niliogopa. Sijawahi kuogopa kukosea juu ya ng'ombe maishani mwangu kama nilivyoogopa pale. Neno langu moja lingeweza kupelekwa Jumamosi mbele ya wazee, likageuzwa liwe shoka. Na mkewe alikuwa jikoni, hatua chache, na sauti za sufuria zilikuwa zimenyamaza.

Nilitoa mkono, nikavua glavu, nikanawa taratibu kuliko ilivyohitajika.

"Pendo na Baraka ni wa baba mmoja?" nikamuuliza.

"Si ni wewe ulileta."

"Uliwahi kunishuku kwamba kwa Baraka nilileta mbegu ya fahali mwingine? Mmoja mkubwa, mmoja mdogo?"

"Hapana. Niliona mrija, nikasoma jina ya bull." Kisha akaelewa ninakokwenda, akakunja uso. "Hiyo ni ng'ombe, daktari."

Pembeni, kwenye jua, cucu Wangechi alikuwa ameketi na ungo, anatenga njahi, jamii ya maharagwe meusi, na maharagwe meupe yaliyochanganyika gunia lilipopasuka. Alikuwa akisikia kila kitu. Akasema kwa Kikuyu, polepole nimwelewe, kwamba yeye amekwisha kutafuta. Amewapitia wafu wote wa kwao na wa mumewe, mmoja mmoja, akiwa macho kitandani, na hakupata mrefu hata mmoja. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa bibi aliyeambiwa kwamba huenda jina lake limeangukia mtoto asiyehusika, na alitaka kujua kama ni kweli.

Ndipo nikaona kosa lilipokuwa. Nyumba nzima ilikuwa ikitafuta mtu mmoja. Kwao kila mtoto ana mwenyewe, bibi fulani au babu fulani, kwa hiyo hata urefu lazima uwe na mwenyewe. Kama si marehemu fulani, basi ni karani fulani. Hawakufikiria kwamba urefu unaweza kuwa wa watu wote wa nyumba ile, kila mmoja amebeba kidogo na hakuna aliyebeba wa kutosha kuonekana.

Nikamwomba cucu ungo wake. Nikaomba mabakuli matatu, na nikamwomba Mama Wangechi ayalete yeye mwenyewe. Alitoka akiwa amefunga leso kichwani kama mtu wa safari.

"Nimeongea mpaka nimechoka, daktari," akasema. "Mimi sina maneno ingine."

"Sitaki maneno, mama. Kaa hapa."

Nikajaza bakuli moja, njahi nyeusi na maharagwe meupe kiasi sawa, nikampa Wachira. La pili vivyo hivyo, nikampa mkewe. Nikawaambia: nyeusi moja inaongeza urefu kidogo, nyeupe moja inapunguza kidogo. Ninyi wote ni mchanganyiko, ndiyo maana mko hapo mlipo. Sasa kila mmoja afumbe macho, achote chache kwa vidole, atie kwenye bakuli la mtoto. Rangi ya ngozi nayo huenda hivyo hivyo, kwa punje zake zingine.

Wachira alitaka kukataa. Mama yake alimwambia neno moja nisilolijua, akachota.

Mtoto wa kwanza wa bakuli alitoka mchanganyiko, kama wazazi. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu alizidi weupe kidogo, na cucu akasema huyo ni yeye. Tukaendelea. Kila mara tulirudisha punje tukakoroga. Wengi walitoka wa katikati, na niliwaacha waone hivyo, kwa sababu ndiyo kweli yenyewe. Wale wawili walikuwa wameketi pande mbili za ungo, magoti yakikaribiana, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu. Walizoea. Wakawa wanachota bila kuambiwa.

Kisha akatoka mtoto mmoja, Wachira akafungua macho akainamia bakuli. Alikuwa amechota nyeusi tupu. Mkewe alikuwa na nyeupe moja tu katikati ya zake nyeusi. Bakuli la mtoto lilikuwa jeusi, na ile punje nyeupe peke yake juu.

"Umefanya mchezo," akaniambia.

"Mkono ni wako."

Akazigusa punje kwa kidole, kana kwamba rangi ingetoka. Cucu akalivuta bakuli kwake, akaliweka mapajani. Akauliza kwa Kikuyu: kwa hiyo hakuna aliyekuwa mrefu? Nikamwambia hakuhitajika yeyote. Kila mtu alitoa kidogo, hata wewe, cucu. Na maziwa ya Kwini yakamalizia kazi, maana mtoto asiyelishwa hafikii urefu aliopewa.

Wachira alisimama. "Basi apa," akasema. "Apa mbele ya mama yangu kwamba Wangechi ni wangu."

Hapa ndipo nataka mnisikilize, ninyi mtakaobeba mtungi. Ingekuwa rahisi sana kuapa. Mama Wangechi alikuwa akinitazama, na moyo wangu wote ulikuwa upande wake. Lakini Gichuki alikuwa amenikataza kuahidi ndama, na huyu hakuwa ndama.

"Siapi," nikasema. "Sikuwepo. Mkeo amekuambia neno lake, na kama unalikataa, likatae kwa sababu zako. Lakini usimlete urefu wa mtoto kama shahidi. Urefu hajui kitu. Na weusi hajui kitu. Ukiwafukuza kwa sababu ya hao wawili, umefukuza watu bila shahidi."

Mama Wangechi aliokota mabakuli mawili, akaacha la tatu mapajani mwa mama mkwe wake, akarudi jikoni. Sikuwa na hakika kama nimesaidia au nimeharibu.

Msichana alinifuata hadi langoni nilipokuwa nikifunga mtungi. Alikuwa mrefu kuliko mimi pia. Alizungumza akitazama mlimani, ambako wingu lilikuwa halijafunika bado.

"Daktari, kama mimi sio wao, hii jina naiacha hapa?"

Nilimwambia tu Pendo apewe maji mengi, nikawasha pikipiki. Nilipofika barabara kubwa nililazimika kusimama kidogo kando, nikajifanya naangalia plagi.

Jumamosi ile ikapita. Sikuwa na simu ya kuuliza, na sikuwa na sababu ya kwenda. Nilikuwa na kazi huku na huku, na kila boma nililoingia nilikuwa nikitazama milango ya jikoni, nikiona jinsi kila mtu hupima nyumba kwa watu anaodhani atakuwa nao.

Mimba hupimwa baada ya miezi mitatu hivi. Wengine hupima mapema wakaharibu. Subirini. Nilirudi Gakindu muda ulipotimia, na kabla sijafika langoni nikasikia msumeno. Nilidhani wanabomoa.

Wachira alikuwa amepanda juu ya kigoda, nywele zote zimejaa vumbi la mbao, anakata mbao za juu ya mlango wa jikoni. Fremu ya zamani ilikuwa imeng'olewa na kuegemezwa ukutani. Mbao mpya, ndefu, zilikuwa zimelala uani. Moshi wa jikoni ulikuwa ukitoka kwenye lile tundu kubwa, na nyuma ya moshi nikasikia Mama Wangechi akikohoa na kumlaumu kwamba amechagua siku ya kupika githeri. Sijawahi kufurahi hivyo kusikia mtu akilaumiwa.

Sikujua nimwiteje, kwa hiyo nikasema tu, "Habari ya asubuhi."

"Mzuri," akajibu, misumari ikiwa mdomoni. Akaitoa. "Hii mlango ilikuwa fupi."

Ndiyo hayo tu aliyowahi kuniambia. Sikumuuliza wazee walisema nini, wala kama walikuja. Cucu alikuwa mahali pake kwenye jua, na bado sijui bakuli lile alilipeleka wapi. Nilimpima Pendo, nikamkuta ana mimba, nikasema hivyo, na sikuahidi zaidi.

Nilipomaliza nilihitaji maji. Fremu mpya ilikuwa imesimama. Wachira aligeuka akaita kuelekea ndani, kwa sauti ile ya zamani, na kwanza nikadhani anamwita mama yake.

"Maitu, lete maji daktari anawe."

Wangechi akaja na beseni. Alipofika mlangoni aliinama kama alivyozoea, chini kabisa, ingawa juu ya kichwa chake kulikuwa na nafasi ya kupitisha mkono. Maji yakamwagika kidogo kwa kuinama huko. Baba yake alikuwa bado ameshika nyundo. Alimngoja mpaka akafika katikati ya kizingiti.

"Maitu," akasema, "rudi upite tena. Usiiname."